Kipunjabi cha Karakana, Kiesperanto cha Posta

"Lugha gani haina hata kijiji kimoja?" Dafroza alikuwa anasema, kamshika kuku miguu, kichwa kinaning'inia. "Mimi ukiniambia Kijita, najua nikipanda gari nikashuka Majita nakikuta. Kijaluo nakikuta Shirati. Hiki cha kwako nikashuke wapi nikikute?"

"Hakuna pa kushuka," mume wake akajibu. "Ndio uzuri wake. Hakuna mwenyeji wa kukucheka ukikosea."

"Basi na huyu kuku hashuki popote. Anabaki kwangu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na begi langu la sabuni, hodi nimepiga mara mbili, hawajanisikia. Hapo ni Kabasa, Bunda, Ijumaa mchana, mwaka 1987. Vitu vilikuwa vimeanza kurudi kidogo kidogo madukani, na sisi tulioacha shule mapema tulikuwa tunazunguka Sirari, Musoma, Bunda, tunauza sabuni, betri, chochote kinachobebeka.

Mwanaume mwenyewe anaitwa Apolinary Magesa, fundi wa mashine. Kati ya Bunda na Butiama sijui kama kuna mashine ya kusaga ambayo hajawahi kuifungua. Ni mtu mrefu, mpole, kidole chake cha shahada mkono wa kushoto hakina ncha. Na ana lugha mbili ambazo hakuna mtu mwingine pale Bunda aliyenazo zote mbili: Kipunjabi, alichokipata kwenye karakana ya kalasinga Musoma, na Kiesperanto, alichokipata kwa posta.

Hiki cha pili ndicho kilichokuwa kinagombewa. Kiesperanto ni lugha iliyotungwa na mtu mmoja huko Ulaya, miaka mia imepita, ili watu wa mataifa yote waongee bila mmoja kuwa bwana wa mwenzake. Bunda aliileta mwalimu Boniphace, ambaye aliona anwani kwenye gazeti fulani akaandika, wakamletea vitabu. Tulikuwa wanafunzi kumi na moja, tunakutana Jumatano jioni darasani kwake. Mimi nilienda kwa sababu nilitaka kusafiri. Apolinary alienda kwa sababu alimtengenezea Boniphace baiskeli, akakiona kitabu kimewekwa kwenye keria, akakifungua, na hakukirudisha mpaka wiki iliyofuata. Karatasi zilikuwa hazipatikani wakati ule. Masomo yote ameyaandika nyuma ya fomu za zamani za kununulia pamba.

Kesho yake, Jumamosi, alikuwa anakuja mgeni. Mwalimu wa kike kutoka Hungaria, anatoka Mwanza anaelekea Nairobi, atapita Bunda kuwasalimia wenzake wa Kiesperanto, saa kumi anapanda basi anaendelea. Kuku alikuwa wa huyo mgeni.

"Miaka mitano unaandikiana barua na Bulgaria," Dafroza akaendelea. "Hakuna sukari, wewe unaniambia Bulgaria leo kuna ukungu. Ukungu wa Bulgaria nimeukosea nini, Baba Hyasinta?"

Hapo ndipo aliponiona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Shida. Na wewe umeleta lugha gani?"

"Nimeleta Kipunjabi," nikasema. Nilitaka kumtania tu, lakini ndiyo ilikuwa kweli.

Nikawaeleza. Jana yake nilikuwa Nyasho, pale Musoma, nauza sabuni, Marieta akaniita. Marieta ni mama mmoja aliyempikia Mzee Kartar Singh miaka ishirini na mbili. Akaniambia, ukifika Bunda mtafute fundi Apolinary, mwambie mzee ameanguka wiki tatu zilizopita. Upande mmoja umelala. Kiswahili chote kimemtoka, na alikuwaga anakiongea vizuri kuliko watu wengi. Sasa ni Kipunjabi tu, tena neno moja, analirudia na kupiga kitanda. Chakula anakataa, uji vijiko viwili kwa siku. Mke wake alishafariki, watoto wako Uingereza, wale makalasinga wengine wa Musoma waliondoka wote. Kuna kitu anakitaka na hakuna anayejua ni kitu gani.

"Kasema wewe ndio umebaki," nikamalizia.

Apolinary akakaa kwenye kigoda. Akaanza kukisugua kile kidole kisichokuwa na ncha.

"Haya," Dafroza akasema, safari hii taratibu. "Hicho walau kina mtu. Hata kama mtu mwenyewe alikuwaga anakutukana nacho."

"Hakunitukana."

"Alikuwa anakuita mbwa?"

"Alikuwa ananiita 'oe'. Kila mtu alikuwa 'oe'. Hata injini."

Akapiga hesabu ya muda kwa vidole. Akiondoka alfajiri na lori la pamba, saa tatu yuko Musoma. Anamsikiliza mzee, anajua anataka nini, saa tisa na nusu karudi, mgeni anamkuta. Nilimwona anaamini kabisa. Dafroza akamfunga kuku kamba mguuni, akamwachia nje.

*

Tulikaa juu ya marobota ya pamba, sisi na abiria wengine watatu waliokuwa wanashuka Kiabakari waende Butiama. Asubuhi ilikuwa na baridi. Mimi nilikuwa na swali langu moja tangu siku nyingi, nikamuuliza: kati ya hizo lugha mbili, ipi ngumu?

Akafikiri mpaka tukapita mlima.

"Kiesperanto ni kama nati za kiwandani," akasema. "Zote uzi mmoja. Ukipata spana moja umezifungua zote. Unajua 'bona' ni nzuri? Basi ukitaka mbaya hujifunzi neno lingine, unaweka 'mal' mbele, 'malbona'. Kubwa 'granda', ndogo 'malgranda'. Aliyeitengeneza alikuwa na akili ya fundi. Amepunguza idadi ya vipuri."

"Na Kipunjabi?"

"Kile ni injini ya zamani. Kila nati imepigwa tupa na mtu wake. Hii haiingii pale. Lazima uwe umeshaishika."

Akaninyooshea kidole kile kifupi. "Unajua hiki kilikwendaje? Mwaka sitini na nne, nina miezi miwili pale karakana. Tumeshika shafti, mzee anasema 'phar'. Phar ni shika, hiyo naijua. Halafu akasema 'chad'. Chad ni achia. Hiyo nilikuwa bado."

Abiria mmoja akacheka, halafu akaona aibu.

"Kwa hiyo nimekijua kwa masikio," Apolinary akaendelea. "Kukiandika siwezi, hata herufi moja. Sasa chukua hiki kingine. Kiesperanto naandika kurasa nne bila kukosea. Lakini sijawahi kukisikia."

"Si tunaongea Jumatano?"

"Tunaongea Wajita na Waikizu na Wazanaki. Boniphace naye kakitoa kitabuni. Labda tunavyokitamka sisi ni kitu kingine kabisa, yule mama akifika atadhani tunaongea lugha yetu ya nyumbani." Akacheka mwenyewe. "Ndio maana namtaka. Nataka aongee tu, hata kama ananisema vibaya, nisikilize."

Nikamuuliza tena kitu ambacho hakukitegemea. Salamu kwa Kipunjabi ni nini?

"Sijui," akasema.

"Miaka kumi na saba karakana kwake?"

"Alikuwa anaingia anasema 'oe, injini'. Tunawasha injini. Sijui habari za asubuhi. Sijui pole. Najua inua, shusha, kaza, legeza, polepole, mafuta, moto, baridi, tena, basi. Hata basi yao ni 'bas'. Kuuliza pia sijui. Pale fundi haulizi, anaambiwa."

Mwaka themanini na moja vyuma viliisha, dizeli ikaisha, mzee akawapunguza mafundi mmoja mmoja. Apolinary alikuwa wa mwisho. Siku anaondoka, Mzee Kartar alimpa seti ya spana zake mwenyewe, zimefungwa kwenye gunia, akamwambia 'chal', nenda. Ndilo neno alilokuwa anawaambia wakisukuma gari bovu. Apolinary akaondoka na lile gunia hadi Bunda. Mzee hakumwona tena, ingawa Musoma si mbali.

"Kwa nini hukurudi kumsalimia?" nikamuuliza.

"Ningemsalimia kwa lugha gani?" akasema. Nilidhani anatania. Mzee si alikuwa anajua Kiswahili? Lakini nikaona hatanii, nikaacha.

*

Nyumba ya Mzee Kartar iko nyuma ya soko, na karakana imeshikana nayo, milango ya mabati. Marieta alitupokea na sufuria mkononi.

"Karibu, fundi. Umezeeka."

"Na wewe, dada. Yuko wapi?"

Alikuwa kitandani karibu na dirisha, amelala kwa mito miwili. Nilikuwa namkumbuka mtu mkubwa. Sasa ndevu zilikuwa kubwa kuliko yeye. Nywele Marieta alikuwa amemfunga kilemba, hakikukaa vizuri, lakini alijitahidi. Jicho moja lilikuwa limeshuka. Lile lingine likamwangalia Apolinary kuanzia viatu hadi kichwani.

"Oe," akasema.

Apolinary akasimama wima kama askari. Marieta akaniambia chini chini, "Hilo hajawahi kulisema tangu aanguke."

Halafu mzee akaanza. "Dhila," akasema. Ulimi ulikuwa mzito, lakini ile 'dh' yao ya kukunja ulimi nyuma ilitoka. "Dhila. Dhila kar." Akapiga kitanda na mkono mzima.

"Ndilo hilo," Marieta akasema.

"Legeza," Apolinary akasema. "Anasema legeza."

"Hilo najua. Yule Mgujarati wa duka la nguo alikuja akasikiliza, akasema kalugha kao kanafanana kidogo na kake, hapa mzee anaomba kulegezewa. Nimelegeza, fundi. Nimemfungua vifungo vyote. Nimelegeza shuka, nimelegeza chandarua, kilemba nimekifunga upya mara nne. Nesi wa hapo jirani alikuja akalegeza hadi bandeji ya mguu, ambayo haikuwa na shida. Ananiangalia kama mimi mjinga."

Apolinary akasogea karibu. Nilimwona anatafuta maneno kwenye kichwa chake, kama anapekua sanduku la spana na ile anayoitaka haimo. Hana 'nini'. Hana 'kitu gani'. Akainua mkono juu. "Ute?" Hiyo ni juu. Mzee akafumba jicho. "Thale?" Chini. Mzee akapiga kitanda. "Hauli, hauli," Apolinary akamwambia, polepole, neno la kuteremshia injini kwenye gari. Hilo mzee akalisikia, akatulia kidogo, pumzi ikashuka. Halafu akaanza tena. Dhila.

Na hapo chozi likamtoka mzee kwenye lile jicho zima. Hakulia kwa sauti. Lilitoka tu likaingia kwenye ndevu.

Apolinary alichanganyikiwa. Akamshika mkono akasema, "Ne timu. Ne timu, kara amiko. Mi estas ĉi tie."

Hiyo ni Kiesperanto. Maana yake usiogope, rafiki mpendwa, niko hapa.

Mzee Kartar akamwangalia kama mtu ambaye redio yake imekamata stesheni ya mbali.

Marieta akacheka mpaka akaweka sufuria chini. "Kipunjabi gani hicho?"

"Sio Kipunjabi."

"Sasa unamwongelesha nini mgonjwa?"

"Nilikuwa nataka kumwambia pole," Apolinary akasema. Uso wake ulikuwa umeiva. "Pole yangu ninayo kwa Kiesperanto, kwa Kiswahili, kwa Kijita. Kwa lugha yake sina. Nina kaza na legeza tu."

Jua lilikuwa limepanda. Mimi nilianza kufikiria saa, kwa sababu lori la kurudi lilikuwa linatoka saa nane, na yule mama wa Hungaria labda ameshafika Bunda ameketi kwenye dawati la Boniphace. Marieta akajaribu uji. Mzee akafunga mdomo.

"Anasema hivi siku nzima?" Apolinary akauliza.

"Siku zote anasema. Lakini kuna siku anazidi. Jumamosi iliyopita niliita majirani, nilijua anakufa. Alipiga kitanda hadi mkono ukavimba."

"Jumamosi?"

"Na zile mbili za nyuma yake. Leo ndio Jumamosi ya nne, ndio maana nilikutumia kijana haraka."

"Saa ngapi anazidi?"

Marieta akafikiri. "Nikiwa nimetoka sokoni. Saa sita, saa saba."

Apolinary akasimama. "Siku aliyoanguka alikuwa wapi?"

"Humo karakana. Peke yake, si hakuna mafundi. Alikuwa anakereza chuma cha mtu wa mitumbwi, ilikuwa Alhamisi. Injini ilikuwa inanguruma, ikazimika yenyewe kwa kukosa dizeli, nikaona kimya, nikaenda nikamkuta chini. Tukafunga mlango. Hakuna aliyeingia tena."

"Nipe funguo," Apolinary akasema.

*

Mwanga uliingia na vumbi. Katikati kulikuwa na ile mashine ya kukereza vyuma, ndefu kama ng'ombe amelala, na nyuma yake injini ya dizeli imefungwa kwenye reli mbili. Kati ya injini na mashine kuna mkanda wa ngozi, mpana kama kiganja, umekazwa. Ulikuwa umekaza hivyo hivyo wiki tatu. Pale kwenye maungio ngozi ilikuwa imeanza kupasuka, nyuzi mbili tatu zimesimama.

Apolinary alinieleza huku anashika spana. Mkanda wa ngozi ukiachwa umekaza na mashine haifanyi kazi, unavutika, unakufa. Ule mkanda Mzee Kartar aliununua Kisumu kabla ya mambo kuharibika, na miaka yote ya shida, wenzake wanafunga karakana, yeye mkanda wake ulidumu. Kwa sababu kila Jumamosi saa saba, kabla ya kufunga, unalegezwa. Hakuna Jumamosi iliyorukwa. Yeye anasimama pale mlangoni ananawa mikono, anasema neno moja, na fundi aliye karibu anajua. Hasemi mkanda, wala hanyooshi kidole. Jumamosi, saa saba, 'dhila'. Kingine cha kulegezwa saa ile hakuna.

"Yaani neno lilikuwa nusu," nikasema. "Nusu nyingine ni siku."

"Na mahali," akasema. "Mgujarati alisikia neno. Lakini hajawahi kufunga karakana hii Jumamosi."

Akalegeza nati mbili kubwa zilizoshika injini kwenye reli. Zilikuwa zimekauka, tukazimwagia mafuta ya taa. Halafu tukasukuma, yeye na mimi, mpaka mkanda ukashuka katikati. Akaupima kwa mkono. Kipimo cha Mzee Kartar ni vidole vinne, si vitatu, si vitano.

Akarudi ndani mikono imejaa grisi, hakunawa. Akasimama mguuni mwa kitanda.

"Dhila," akasema.

Jicho la mzee likashuka kwenye mikono ile. Apolinary akanyoosha vidole vinne. Kimoja kifupi. Mzee akaviangalia kimoja kimoja, akakaa kwenye kile kifupi muda mrefu kidogo kuliko vingine.

"Bas," akasema.

Akamgeukia Marieta na kufungua mdomo.

Alimaliza bakuli. Marieta alikuwa analisha na kulalamika. "Wiki tatu ninamvua vifungo. Kumbe mkanda wa mashine. Mzee, ungenionyesha hata kwa kidole, nisingekuelewa? Mimi nimekupikia miaka ishirini na mbili, unadhani mkanda siujui?" Mzee alikuwa anameza tu. Akipewa kijiko cha sato iliyopondwa anameza, uji anameza.

Saa saba na nusu nikamwambia Apolinary twende, tukakae karibu na lori. Alikuwa ameshachukua koti lake. Ndipo mzee akasema kitu kingine.

"Tel."

"Sasa anataka nini?" Marieta akauliza.

Apolinary akaangalia dirishani, jua liko wapi. "Mafuta," akasema. "Baada ya kulegeza mkanda tunapaka mashine mafuta, ndio tunafunga. Hapa ni karibu na ziwa, chuma kinashika kutu. Wiki tatu sasa hivi kimeshika."

"Hiyo ni kazi ya saa ngapi?"

"Saa moja. Kwa kutu ile, mbili."

Hakusema kitu kuhusu mgeni. Aliomba kipande cha karatasi, Marieta akampa ya kufungia chumvi. Nilidhani anaandika barua ya kuomba radhi, kurasa nne bila kukosea. Lakini alichora. Alichora magurudumu mawili na mkanda umekaza, halafu pembeni magurudumu mawili na mkanda umelegea. Akachora na spana. Chini ya kila picha akaweka alama ya kuuliza, na juu kabisa akaandika kwa Kiesperanto: Mimi ni Apolinary. Samahani. Haya yanaitwaje?

"Mpe yule mama," akaniambia. "Kamusi ya Boniphace ni ndogo, haina."

Akavua koti tena.

*

Nilifika Bunda saa kumi kasoro, yule mama wa Hungaria anaweka begi lake tayari kwenye basi. Alikuwa mfupi, mcheshi, amechomwa na jua pua yote. Boniphace alikuwa anatoka jasho kwa kuongea. Nikampa ile karatasi. Akaiangalia, akacheka, halafu akaacha kucheka akaiangalia tena vizuri. Akamwomba dereva dakika tano. Alikuwa na kinasa sauti kidogo kwenye begi, akaingia darasani peke yake akafunga mlango. Alipotoka akampa Boniphace kaseti.

Kuku alikuwa ameshaliwa. Dafroza mwenyewe alikuwa amempika, na wali, na alimsindikiza mgeni hadi kwenye basi amemshika mkono, wanaongea kila mtu lugha yake.

Ile kaseti ilikaa wiki nzima kwa sababu redio ya Boniphace haikuwa na betri. Betri nilizileta mimi kutoka Sirari, Ijumaa. Jumamosi asubuhi, saa tatu, tukakusanyika kwa Apolinary. Yeye alikuwa amechoka. Jumatatu alirudi Musoma na shafti ya mashine ya kusaga ya Butiama, iliyokuwa imekatika, ambayo zamani ingepelekwa Mwanza. Marieta alimfungulia. Mzee alisikia injini inawaka akasema 'kas', kaza, na ndio ilikuwa ruhusa. Amekereza hadi Alhamisi, Ijumaa ameipeleka Butiama na kuifunga, usiku kalala kwake.

Boniphace akabonyeza. Ikakwaruza kwaruza. Halafu sauti ya yule mama ikatoka, taratibu, safi.

"Kara samideano Apolinary. Kiel vi fartas?"

"Bone, dankon," Apolinary akaijibu redio.

Dafroza akafunika mdomo na kanga.

"Anasemaje?"

"Anasema hujambo. Mimi nimesema sijambo." Alikuwa ameinamia redio hadi sikio linagusa. "Sikia anavyosema 'fartas'. Sisi tunaivuta sana. Boniphace, si nilikuambia tunaivuta?"

"Mwambie kuku alifika salama," Dafroza akasema.

Yule mama alikuwa anaendelea. Alisema ameiona michoro. Alisema yeye pia hakujua maneno mengine, ilibidi afikirie. Mkanda ni 'rimeno'. Spana akaitaja, neno refu lenye kona, Apolinary akalirudia mara mbili kwa midomo bila sauti. Kukaza, akasema, ni 'streĉi'. Na kulegeza, mnajua wenyewe mtakavyofanya.

"Malstreĉi," Apolinary akasema kabla yake.

"Malstreĉi," redio ikasema.

Darasa zima tukacheka, hata Boniphace. Apolinary hakucheka. Alikuwa ameinua kichwa.

"Saa ngapi sasa?" akaniuliza.

"Saa tatu na robo."

"Mkanda nimeuacha umekaza tangu Alhamisi."

"Baba Hyasinta," Dafroza akasema, "kaseti haijafika hata nusu. Miaka mitano unamtafuta wa kukisema, kapatikana, anakisema, wewe unaondoka?"

"Huyu anasubiri. Ukizima anasubiri." Alikuwa ameshachukua koti na lile gunia la spana. "Yule mzee, ikifika saa saba hajasikia nati inalegea, hali chakula."

"Na pole ya Kipunjabi umeshaipata?"

"Bado."

"Muulize leo."

"Nimuulize kwa lugha gani?" akasema, yuko mlangoni, na safari hii alikuwa anatabasamu. Akatuambia tuzime, betri zitaisha, akaenda barabarani kutafuta lori.